Fremu ya kioo kwa malumalu na vikombe vilivyovunjika: nilivyoitengeneza nyumbani

MkaziWaChumbageni (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa.

Mwaka jana tulihamisha vitu vya mama kutoka nyumba ya zamani, na boksi la vyombo likadondoka wakati wa kushusha. Ndani mlikuwa na vikombe vyake vya kauri vyenye maua ya buluu, alivyopewa siku ya harusi. Kilisalimika kimoja na visosa viwili. Mama hakusema neno. Aliokota vipande vyote, akavifunga kwenye kanga. Miezi kadhaa baadaye nilivikuta mvunguni mwa kitanda chake, bado vimefungwa vilevile. Nikamwomba anipe, nikamwambia nitamtengenezea fremu ya kioo cha kujitazamia. Akanipa, lakini kwa sharti kwamba nisivitie nyundo ovyo.

Nimeona humu watu wakiuliza fremu za vipande zinatengenezwaje, na majibu mengi yanaanzia kwenye kupanga vipande. Kupanga ndiko kulikonipa raha, sikatai. Ila uhai wa fremu unategemea ubao ulio chini na namna kioo kinavyokaa, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Nilianza kwa kukosea. Kabla ya kugusa vikombe vya mama nilijaribu kwanza kwa malumalu za kawaida juu ya ubao wa MDF, kwa sababu seremala wa mtaani alikuwa na kipande kilichobaki. Nikaitundika bafuni. Masika ilipoingia kingo zilivimba, grauti (simenti ya kujazia kati ya vipande) ikapasuka, vipande vikaanza kudondoka kimoja kimoja kwenye sinki. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa pamoja na gundi. Ikishakunywa maji haitarudi ilivyokuwa.

Ya pili nikachukua plaiwudi ya milimita 12, sentimita 60 kwa 80. Seremala akanikatia dirisha katikati, 38 kwa 58. Kioo chenyewe nilikwenda kukatiwa 40 kwa 60, unene wa milimita 4. Kwa hiyo kioo kinalala kwa nyuma na kinashikwa na ubao sentimita moja kila upande. Nyuma nikapigilia vipande vya mbao nyembamba kuzunguka lile dirisha, vikafanya kama kitanda cha kioo, na ubao wenyewe ukapata nguvu usijikunje.

Kioo kinaingia MWISHO, grauti ikishakauka kabisa. Wengi hugundisha kioo kwanza halafu wanazungusha vipande. Inaonekana rahisi, lakini siku kioo kikipata ufa au madoa meusi, fremu nzima inaondoka nacho. Yangu kioo kinashikwa nyuma na plaiwudi ya milimita 3; nafungua skrubu zake nane, natoa kioo, naweka kingine.

Kitu kingine sikukiona popote, nilikigundua mwenyewe: kioo kinaonyesha ukingo wa ndani wa ubao. Ukiacha plaiwudi mbichi pale, utaiona kwenye kioo kila ukijitazama. Paka rangi nyeusi ukingo wote wa ndani, pamoja na ile sentimita moja ya nyuma inayogusana na kioo.

Baada ya hapo nilipiga msasa, nikapaka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa, sehemu moja ya gundi kwa nne za maji, mbele, nyuma na kwenye kingo. Ukipaka upande mmoja tu ubao unapinda. Nikaacha usiku kucha.

Malumalu za kuvunja sikununua. Fundi aliyekuwa anamalizia nyumba ya jirani alikuwa na ndoo nzima ya makombo. Weka kigae ndani ya gunia, uso ukitazama chini, piga mgongoni kwa nyundo, pigo moja la wastani. Ukipiga mara nyingi utapata changarawe. Vaa miwani ya kazi hata kama ni kipande kimoja. Hili nalisema kwa moyo wote, maana chembe za malumalu hukata kama wembe na gunia haliwezi kuzizuia zote.

Vikombe vya mama sikuvipiga nyundo. Nilitumia lile koleo la kukatia vigae lenye magurudumu mawili madogo. Unauma ukingoni tu, kama milimita 3, unabana, na ufa unakwenda wenyewe kwa mstari ule ulioelekeza koleo. Nilikata kila ua liwe zima. Inachukua muda. Jioni tatu nzima zilikwenda kwenye vikombe vitano.

Vikombe ni vyembamba, milimita 3 hivi, na malumalu za ukutani ni 6 au 7. Ukichanganya, mkono unakwaruzika ukifuta vumbi. Kwa hiyo nilivitenga: mkanda wa ndani, unaopakana na kioo, wote ni vikombe. Mkanda wa nje ni malumalu nyeupe, na ule ukingo laini wa kiwandani nikauelekeza nje ili asikatwe mtu. Kwa kuwa kikombe kina mviringo, vipande vikubwa havilali, vinabembea. Nilivipunguza hadi sentimita moja na nusu au mbili, vikatulia.

Nilivipanga kwanza bila gundi juu ya meza, nikapiga picha, ndipo nikagundisha kimoja kimoja kwa gundi nyeupe isiyozimuliwa, nikiacha nafasi ya milimita 2 au 3. Saa 24.

Grauti: simenti nyeupe ya kupimiwa pamoja na mchanga laini niliouchekecha kwa chujio la chai, na oksaidi nyeusi (unga wa rangi ya simenti) kidogo sana ipate rangi ya majivu. Changanya iwe nzito kama siagi ya karanga. Nilisambaza kwa kipande cha ndala kuukuu, kinaingia kila pembe kuliko mwiko. Subiri dakika 20 au 30, futa kwa sponji lenye unyevu, si la kuchuruzika. Ule ukungu mweupe unaobaki uufute kesho yake kwa kitambaa kikavu. Maji ya kusuuzia usiyamwage kwenye sinki, yatagandia humo humo.

Mkono wa kikombe mmoja umebaki. Ni mzima, mzuri, lakini umeinuka mno hauwezi kukaa kwenye fremu. Nimeuweka kwenye kopo. Mwenye wazo anisaidie.

---

Nyali_85

Mashallah dadangu, kazi imenipendeza sana. Nami nna vyombo vya nyanya yangu vilivunjika, sijapata moyo wa kuvitupa. Swali: hiyo gundi ya mbao itastahimili bafuni? Nataka kuiweka bafuni kwangu, na Mombasa hii unyevu wajua ulivyo.

---

FundiMalumalu_Mbeya

Mleta uzi hongera. Kazi ya kuacha kioo mwisho ni akili ya fundi.

Dada wa Mombasa, usitumie gundi nyeupe bafuni. Hiyo gundi ikikauka inaonekana ngumu, lakini ikilowa mara kwa mara inalainika tena na kuwa nyeupe kama maziwa. Sebuleni haina shida. Bafuni tumia gundi ya vigae ya simenti, ile iliyoandikwa kwamba inanyumbuka, kwa sababu mbao inatanuka na kusinyaa na simenti kavu tupu haifuati. Na msipake gundi nyeupe chini yake kama alivyofanya mleta uzi. Chini ya simenti ile ngozi ya gundi inalowa na kuachia, kazi yote inabanduka kama gamba. Acha uso wa mbele mtupu, uukwaruze kwa ncha ya kisu mistari ya kukatana, halafu nyuma na kingo zipake rangi ya mafuta mara mbili. Ukipata ubao wa simenti ni bora zaidi, ule hauvimbi kabisa.

Jambo jingine. Watu wanakimbilia marine bodi, aina ya plaiwudi, kwa sababu wanaambiwa haishindwi na maji. Ni kweli inastahimili maji kuliko plaiwudi ya kawaida, lakini ile yenye ngozi ya kahawia inayoteleza ilitengenezwa ili zege lisiishike. Sasa wewe unataka vipande vishike. Ikibidi kuitumia, piga msasa mpaka ngozi yote itoke uone mbao.

Oksaidi: usizidishe sehemu 5 kwa 100 za uzito wa simenti. Ikizidi, grauti inakuwa dhaifu na rangi inatoka kwenye kitambaa kila ukifuta. Na vaa glovu. Simenti mbichi inaunguza ngozi taratibu, hausikii mpaka usiku. Mimi vidole vyangu vimeshapasuka vya kutosha.

---

MkaziWaChumbageni

Fundi, ahsante sana. Hilo la gundi nyeupe chini ya simenti sikulijua, na nilikuwa karibu kulifanya kwenye fremu ya dada yangu. Nyali, mfuate fundi. Yangu ipo sebuleni.

---

KijanaWaMtongani

Nimesoma yote na nimefurahi. Sisi tunaoishi huku Kunduchi, Dar es Salaam, tumekua tukicheza karibu na magofu. Pale kuna makaburi ya nguzo ya karne ya 18, na kwenye nguzo walishindilia sahani na mabakuli ya Kichina ndani ya chokaa. Nyingi zimetoka, yamebaki mashimo ya duara, lakini unaona wazi walichokusudia. Mambrui, juu ya Malindi, Kenya, ipo nguzo nyingine ya namna hiyo yenye vyombo vya Kichina vya wakati wa utawala wa Ming. Kwa hiyo huyu dada anachofanya na vikombe vya mama yake, watu wa pwani wamekifanya zamani sana, tena kwa ajili ya watu wao waliowapenda.

Na hata neno lenyewe. Siku hizi tukisema kigae tunafikiria boksi la dukani. Zamani kigae ni kipande cha chungu kilichovunjika, na gae ni kipande kikubwa. Bibi yangu mpaka leo anasema "lete kigae nichukulie moto".

---

BintPwani

Umenikumbusha nyumba za Lamu, zile zidaka za ukutani za kupangia kauri.

Halafu, ufukweni huko kwenye magofu si kuna vipande vingi vya vyombo vya kale vinatupwa na maji? Mtu akiokota ndoo moja anapata fremu yenye historia.

---

KijanaWaMtongani

Dada yangu, hapana, nakuomba. Vile vipande ndivyo wanavyotumia wataalamu kujua watu waliishi hapo lini na walifanya biashara na nani. Kikiokotwa mahali pake kinakuwa bubu. Pia ni kosa. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, na kipande cha bakuli kimo. Chupa za soda zilizosuguliwa na mawimbi okota uwezavyo, zinapendeza na unasafisha ufukwe. Vya kale viache.

---

BintPwani

Nimekuelewa kaka, sikulijua hilo. Sitagusa.

---

mwalimu_wa_sanaa

Naongezea kwa wanaopenda kuona kazi za wengine kabla ya kuanza. Tafuteni picha za bustani ya Park Güell, Barcelona, Hispania. Ilijengwa kati ya 1900 na 1914 chini ya msanifu majengo Antoni Gaudí, na lile benchi refu lililopinda kama nyoka lilipambwa na Josep Maria Jujol kwa vigae na vyombo vilivyovunjika. Wakatalani, watu wa eneo hilo, wanaiita kazi hiyo trencadís. Angalieni hasa namna walivyotumia kipande kidogo kwenye mpindo na kikubwa kwenye tambarare. Hilo ndilo alilolisema mleta uzi kuhusu vikombe.

Nawafundisha wanafunzi wangu jambo moja kabla ya gundi: rudi nyuma hatua tano, finya macho, tazama. Kama jicho linaona vipande vyeupe na vyeusi vimetapakaa sawasawa kila mahali, mchoro hautaonekana. Panga vya rangi moja vikae pamoja, viende kwa mstari, hasa ukingoni. Mstari wa kwanza unaozunguka kioo ukiwa umenyooka, huko kwingine unaweza kuwa huru.

Vipande vya glasi vinavyoonyesha ndani vinahitaji tahadhari: kila kilicho chini kinaonekana, hata alama za kisu. Paka ubao rangi nyeupe kwanza, au tumia gundi inayokauka bila rangi.

---

Mpita_Njia

Samahani wakuu, gharama yake ikoje? Nafikiria kutengeneza na kuuza.

---

MkaziWaChumbageni

Ndugu, kwangu kilichokula hela ni plaiwudi, kioo na lile koleo. Koleo unanunua mara moja. Malumalu ni bure ukielewana na mafundi, simenti nyeupe na gundi ni za kupimiwa. Lakini ukitaka kuuza, hesabu saa. Hii imenichukua jioni tisa, na sikuwa nacheza. Ukiiuza kwa bei ya fremu ya plastiki ya dukani utakuwa umejidhulumu. Muulize mnunuzi kama ana chombo chake kilichovunjika. Hapo anayelipa anajua analipia nini.

---

FundiMalumalu_Mbeya

Hamjazungumzia kutundika na ndipo watu wanapoumia. Tupige hesabu ya fremu hii. Kioo cha milimita 4 ni kama kilo 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo hicho cha 40 kwa 60 ni kilo 2.4. Plaiwudi na mbao za nyuma kilo 3 hivi. Vipande, gundi na grauti, weka kilo 4. Jumla ni kilo 9 hadi 10. Ni ndoo ya lita 10 iliyojaa maji. Hiyo hautundiki kwenye msumari mmoja na kamba.

Toboa kwa mashine ya kutobolea zege, ingiza plagi za plastiki, skrubu mbili zilizoachana angalau sentimita 40. Nyuma ya fremu funga pete bapa za chuma kwenye zile mbao, si kwenye plaiwudi. Ukuta wa bloku ukigusa uwazi wa ndani ya tofali, hama, toboa pengine. Ukuta wa silingibodi usijaribu mpaka upate mbao nyuma yake.

Mbinu nzuri zaidi: chukua ubao mmoja, mwambie seremala aupasue kwa urefu kwa mshazari wa digrii 45. Nusu moja ifunge ukutani ncha kali ikitazama juu na mbele, nusu nyingine nyuma ya fremu ncha ikitazama chini. Zinashikana, uzito unajigawa, na fremu unaweza kuinyanyua siku ya kupaka rangi ukuta.

---

Nyali_85

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili. Nimepata ubao wa simenti, nimemaliza kubandika kwa gundi inayonyumbuka kama fundi alivyosema. Kesho grauti. Ila vigae vyangu vingine ni vya udongo bila kung'aa, vya nyekundu. Kuna lolote la kujua? Na kioo, muuza vioo ananiambia nikigundishe tu kwa silikoni nyuma.

---

FundiMalumalu_Mbeya

Vya udongo visivyo na ngozi ya kung'aa vinakunywa rangi ya grauti na haitoki. Vipake vanishi ya maji juu tu, kwa brashi ndogo, ikauke kabla ya grauti. Jaribu kimoja pembeni kwanza. Viungo vilowanishe kidogo kabla ya kujaza, la sivyo udongo utanyonya maji ya grauti na itapasuka nyuzi nyuzi.

Silikoni: nusa. Ikinuka kama siki, usiiweke nyuma ya kioo. Ile asidi inakula rangi na fedha ya nyuma, baada ya miezi unaona madoa meusi mbele. Ipo ambayo haina asidi, waulize. Kwa muundo wa mleta uzi huhitaji gundi kabisa, kioo kinakaa kwenye kitanda chake na kushikwa na plaiwudi ya milimita 3 kwa nyuma. Acha nafasi ya milimita 2 kila upande, kisibanwe.

---

Nyali_85

Nimeinusa. Ni siki tupu. Narudisha leo hii. Shukran sana fundi, Mungu akuzidishie.

---

mwalimu_wa_sanaa

Mleta uzi, nimefikiria ule mkono wa kikombe. Usiulazimishe kulala. Uache usimame, kwenye kona ya chini kulia, ushikwe kwa gundi ya ipoksi ya kuchanganya mbili, miguu yote miwili. Kwanza kwaruza grauti mpaka ufikie ubao, ipoksi ishike plaiwudi yenyewe. Hauwezi kubeba funguo, lakini kitu chepesi utabeba.

---

MkaziWaChumbageni

Mwalimu, nimefanya hivyo Ijumaa. Nilitoa vipande viwili vyeupe kwenye kona, nikasafisha hadi mbao, nikasimamisha mkono na kuuegemeza kwa njiti za kiberiti usiku mzima. Kisha nikajaza grauti kuzunguka miguu yake. Umeshika kabisa.

Mama alikuja Jumapili. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu, lakini hakuwa anajitazama. Alikuwa anafuata maua kwa kidole, kuzunguka upande wa kushoto, akinionyesha lipi lilikuwa kwenye kikombe cha baba, kile kilichokuwa na alama ndogo ya ufa tangu zamani. Mimi nilikuwa nimekikata bila kujua. Ufa bado unaonekana kwenye vipande viwili vilivyo jirani.

Alipofika kwenye mkono wa kikombe akauvuta taratibu kuona kama umeshika. Akavua tasbihi yake mkononi, akaining'iniza pale, akaenda jikoni kuchemsha chai.

Tasbihi ipo hapo mpaka sasa. Picha nitaweka kesho kukiwa na mwanga wa asubuhi.